Risiti Namba Moja

Watu hugombana kwa ajili ya mipaka ya shamba, kwa ajili ya wanaume, kwa ajili ya sufuria iliyoazimwa ikarudi bila mfuniko. Mimi, mwaka wa 2007 pale Nakuru, niligombana kwa ajili ya swali hili: kitu ambacho lazima kiwe kimoja tu ndani ya programu ya kompyuta, ukiandike kama static au kama singleton? Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa. Lakini siku hizo mtu angeniambia tushuke chini tukamalizie barabarani, ningeshuka, na ningevua viatu kabisa.

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo cha vyumba viwili, ghorofani, juu ya duka la dawa. Asubuhi tuliwafundisha vijana waliomaliza fomu four jinsi ya kushika mausi bila kuikaba koo, na mchana tukawafundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Tulikuwa walimu wawili. Mwenzangu alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye subira ya kuudhi. Ukimtukana anafikiria kwanza, halafu anakuuliza ulikuwa unamaanisha nini. Wanafunzi walituita Madam na Mwalimu, na sisi wenyewe tukazoea kuitana hivyo hivyo.

Siku moja akapanda ngazi mwenye duka la hardware la mtaa wa pili. Ni Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Nakuru, babake pia alizaliwa hapo, anakaa Milimani, anaongea Kiswahili kama mimi, na Kikuyu cha sokoni alikuwa ananishinda. Mji mzima ulimwita Boss. Aliuza mabati, misumari, mabomba, rangi, wilbaro, kila kitu ambacho mkulima hukumbuka akishafika mjini. Alikuwa amesikia kwamba kuna vijana hapa juu wanaweza kuandika programu, na alitaka moja ya kutoa risiti.

"Kompyuta ni moja, iko kaunta," akatuambia. "Lakini nataka madirisha mawili ndani yake. Moja la wateja wa rejareja, lingine la wakulima wanaochukua mzigo mkubwa. Namba za risiti ziende mstari mmoja tu kwa wote. Zisiruke, zisirudi nyuma, zisijirudie. Mnaweza?"

"Tunaweza," nikasema, kabla Mwalimu hajamaliza kufikiria.

"Basi sikilizeni vizuri. Itaanza siku ya Diwali. Siku hiyo ndiyo sisi tunafungua mwaka wa biashara. Miaka yote tunabariki vitabu vya duka, mwaka huu tutabariki kompyuta. Mama yangu mwenyewe atatoa risiti namba moja, kuhani akiwa hapo. Ikienda sawa, nawachukua nyote wawili, mniangalizie kompyuta za duka na za stoo. Mkiniaibisha mbele ya mama yangu, msinipigie hata simu."

Nilishuka naye mpaka mlangoni nikicheka peke yangu. Kazi ya kuandika programu, Nakuru, kwa mtu anayeelewa anachotaka! Nilikuwa nikiota hiyo kitu tangu siku ya kwanza nilipoandika mistari michache nikaona skrini inanijibu.

Tatizo lilikuwa baba yangu. Baba ni mkulima kule Bahati, ana ng'ombe, viazi na msimamo. Huniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Wiki ile ile alinijia chuoni, akakaa kwenye dawati la wanafunzi na kofia yake magotini, akaniambia, "Mama, nimekupatia kazi."

Rafiki yake alikuwa msimamizi katika shamba moja la maua kule Naivasha. Walihitaji karani kwenye banda la kupakia. Nafasi ingeningoja mpaka Jumatatu baada ya Diwali, isizidi hapo. Hata chumba Baba alikuwa ameshaniulizia, Karagita, karibu na kazi, ningekuwa natembea kwa miguu.

"Lakini Baba, mimi niko na kazi."

"Hii?" Akaangalia kompyuta zetu, moja ikiwa imefunguliwa matumbo. "Mama, hapa wanakulipa wakikumbuka."

Nikamweleza habari za Boss. Nilieleza kwa mikono, kwa miguu, nikachora ubaoni. Baba alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa haki hata akikuudhi. Kisha akasimama. "Siku hiyo ya Wahindi nitakuja nijionee. Huyo mwenye duka akiikubali kazi yako, kaa. Akiikataa, jioni hiyo hiyo tunafunga godoro na Jumatatu uko Naivasha. Tumeelewana?"

Tulielewana. Sina ubaya wowote na maua, wala na watu wanaoyapakia, marafiki zangu wengi walifanya kazi huko. Lakini mimi nilitaka kuandika programu.

Sasa nieleze ule ugomvi, nisije nikamwacha mtu njiani. Katika uandishi wetu huu wa programu, unaandika kwanza kinachoitwa klasi. Klasi ni ramani ya nyumba. Kwa ramani hiyo unaweza kujenga nyumba moja au mia, na kila nyumba ikawa na kabati zake na watu wake. Lakini mtoa-namba wa risiti za Boss ilibidi awe mmoja tu, maana wakiwa wawili, kila mmoja atakutolea namba saba yake, na hapo umekwisha. Ukitumia static, hujengi nyumba kabisa. Unaingia kwenye ramani yenyewe na kuishi humo, na ramani ni moja, basi. Ukitumia singleton, nyumba unajenga, ila ramani inakataa isijengwe ya pili, na kila anayebisha hodi anaelekezwa kwa ile ile ya kwanza.

Mimi nilikuwa wa static. Unaita jina la klasi, unaiambia nipe namba, inakupa. Mwalimu alikuwa wa singleton, na alikuwa nayo kama watu wengine walivyo na dini.

"Madam, singleton ni kitu kamili unachoweza kumpa mtu mkononi," alikuwa akiniambia, chaki kidoleni. "Unaweza kukitoa ukaweka kingine mahali pake. Static huwezi kuitoa. Imejengewa ukutani."

"Na nani amekwambia nataka kuitoa?"

"Siku moja Boss atafungua tawi Naivasha. Tawi litataka mstari wake wa namba."

"Ehe! Hapo sasa!" Niliruka kwenye kiti. "Tawi likitaka mstari wake, watoa-namba si watakuwa wawili? Na hiyo singleton yako kazi yake ni kukataa wa pili! Umejifunga bao mwenyewe, Mwalimu."

Akafikiria. Kumbe hata yeye aliona. "Basi nitailegeza kidogo. Itatoa mmoja kwa kila tawi."

"Basi si singleton tena. Hiyo ni ndoa ya mitara."

Alicheka, lakini hakuacha. Mwalimu hakujua kuacha. Kesho yake alikuja na hoja mpya. Akasema static haina shida kwa kitu kisichokumbuka lolote, kama vile kugeuza inchi kuwa sentimita. Inchi ni zile zile jana na leo. Lakini kitu chenye kumbukumbu, kama mtoa-namba anayekumbuka ameshafika ngapi, akiwa static basi kumbukumbu hiyo inakaa kichwani mwake tangu programu inapofunguliwa mpaka inapofungwa, na huna pa kumshika. "Utataka kujaribu programu, Madam, na utamjaribia nani? Yeye yule yule wa kazi."

"Nitajaribu, halafu nitafuta," nikamwambia. "Kwani raba ziliisha?"

Tulikuwa na kompyuta moja tu yenye nguvu ya kutosha, na tuliitumia wanafunzi wakishaenda. Tukawekeana sheria kwamba aliye kwenye kibodi ndiye mwenye neno, na mwingine anakaa pembeni na kumeza mate. Sheria nzuri kabisa kwa watu wenye akili timamu. Sisi tuliitumia hivi: siku yangu naandika static. Siku yake anafuta, anaandika singleton. Siku yangu nafuta, narudisha static. Programu ilikuwa haisogei, inageuka tu upande kama mgonjwa kitandani. Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa heshima kama tumekosana. Tukajibu kwa pamoja, "Hapana!" kwa sauti ambayo ilimtosha.

Mungu ni mkubwa. Binamu yake Mwalimu akafunga ndoa Nyahururu, na Mwalimu akiwa ndiye mpambe wa bwana harusi, akaondoka siku kadhaa. Nilimtakia safari njema kwa furaha ambayo ilimshangaza. Aliporudi na keki ndani ya karatasi, programu ilikuwa imekamilika, madirisha mawili, printa inaitika, na mtoa-namba static kutoka utosini hadi unyayoni. Alisoma yote mpaka mwisho. Kisha akanipa keki.

"Inafanya kazi," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Sijasema umekosea pahali popote. Nimesema inafanya kazi." Huyo ndiye Mwalimu, anakusifu unabaki hujui kama umesifiwa.

Siku ya Diwali tulifika dukani asubuhi mapema. Duka lilikuwa limefagiliwa mpaka likang'aa, taa ndogo za udongo zimepangwa juu ya makopo ya rangi, na udi unawaka kati ya majembe. Watu wa familia walikuwa wamevaa hariri, wafanyakazi nao wamevaa mashati yao ya kanisani. Mama yake Boss alikuwa ameketi kwenye kiti nyuma ya kaunta, mdogo wa mwili, miwani mikubwa, sari nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Familia ilimwita Ba, yaani mama, na kila aliyefanya kazi hapo alimwita hivyo pia. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akanipa peremende ya maziwa na kuniambia nile kwanza.

Nilitaka kuhakikisha karatasi za risiti zimekaa sawa kwenye printa, ile ya zamani inayopiga kelele kama cherehani. Nikatoa risiti ya kujaribu. Programu ilitaka jina la mnunuzi, nami mawazo yangu yote yakiwa kwa mtu mmoja nikaandika "Baba", kitu, wilbaro. Ikatoka imepinda. Nikarekebisha, nikaandika "Mkaidi", msumari mmoja, nikimchokoza mtu aliyekuwa anasoma begani kwangu. Ikatoka nzuri, lakini wino hafifu. Ya tatu nikaandika "Mimi", kufuli. Safi kabisa! Nikazitupa zote tatu kwenye kikapu chini ya kaunta, nikafuta mauzo hayo kwenye kumbukumbu za duka, nikarudisha kwenye sifuri faili ya namba, ambayo programu huisoma ikifunguliwa. Hatua iliyobaki ni kufunga programu na kuifungua upya. Mkono wangu ulikuwa tayari unaifikia mausi.

"Kwa hivyo ni hapa?"

Baba alikuwa mlangoni, na koti lake la Jumapili na buti za mvua, kwa sababu Bahati kulikuwa kumenyesha. Nikaacha kila kitu nikaenda kumwamkia. Nikamtambulisha kwa Boss, wakasalimiana kwa Kikuyu, wakaulizana mvua, wakaulizana bei ya viazi. Nilipogeuka, Ba alikuwa ameshachovya kidole kwenye unga mwekundu na kuweka alama katikati ya paji la uso la kompyuta, pale juu ya skrini. Shada la maua ya rangi ya machungwa lilikuwa limevishwa kwenye skrini na kumwagika mpaka kwenye kibodi. Taa imewashwa mbele yake.

"Sasa hii mashine iko na baraka," Ba akatangaza kwa Kiswahili chake cha zamani. "Mtu hapana gusa, hapana zima, mpaka fanya kazi yake ya kwanza."

Kuhani akaanza kusoma. Tulisimama nyuma, mimi na Mwalimu, mikono mbele kama watu wa kwaya. Nilikuwa na furaha tele, na peremende bado iko shavuni.

Mwalimu akainama kidogo. "Madam. Baada ya kufuta, ulifunga programu ukaifungua tena?"

Niliichungulia skrini kati ya maua.

Sikuwa nimefunga. Faili ilikuwa sifuri, ndiyo, lakini programu ilikuwa wazi tangu asubuhi, na ndani yake klasi yangu static ilikuwa imekaa na namba tatu kichwani. Ilikuwa haina habari kwamba nimefuta kitu. Ukiiomba namba itasema nne, na itasema kwa kujiamini. Woi! Nilimwangalia Baba pale mlangoni, ametulia, anangoja haki itendeke. Nikaliona godoro langu limefungwa kamba.

"Niende nifunge sasa hivi?" nikanong'ona.

"Uguse shada?"

Nilisogea hatua moja. Ba aligeuza miwani yake upande wangu, akainua kidole kimoja tu. Nikarudi.

Sasa, mtu wa Nakuru anajua stima yetu ya siku hizo. Ilipotea ukiwa unachemsha chai, ukiwa unapiga pasi, ilimpotelea jirani yangu akiwa nusu ya kichwa kimenyolewa. Duka halikuwa na betri ya akiba. Stima ikipotea hata sekunde moja, kompyuta itazimika, programu itafunguliwa upya, static itasoma sifuri kwenye faili, na namba moja itatoka kama ilivyoandikiwa. Niliomba, jamani. Kuhani anasoma zake na mimi nasoma zangu: Mungu, izime. Maisha yangu yote nimekuomba uirudishe, leo nakuomba uizime. Balbu ya kaunta ikang'aa utadhani ni mpya.

"Hata singleton yako ingekuwa imekumbuka tatu," nikamnong'oneza Mwalimu, maana hata nikizama lazima nibishane.

"Ingekumbuka," akakubali. "Lakini ningekuwa nimekupa mtoa-namba mwingine wa mazoezi, ujaribu naye. Huyu wa duka asingeguswa."

"Na sasa hiyo inanisaidia nini?"

"Haikusaidii. Umeuliza, nimekujibu."

Ningemkanyaga mguu, ila gari la kampeni za uchaguzi lilipita nje na vipaza sauti, likatikisa mabati yote, na kuhani akalazimika kusimama mpaka lifike kona. Kisha akamaliza. Boss akaondoa maua kwenye kibodi kwa heshima, akamwonyesha mama yake kitufe. Mnunuzi wa kwanza, kwa mpango wao, alikuwa nyumba yao wenyewe, inanunua taa moja. Ba akabonyeza kwa kidole kile kile chekundu.

Printa ikalia. Boss akachana karatasi, akainua aisome kwa sauti mbele ya watu wote. Tabasamu lilikuwa limeshatayarishwa. Likafia hapo.

"Nne," akasema.

Wapakiaji wa mizigo walichungulia kutoka nje.

"Nne?" Akanigeukia. "Nilisema nini mimi? Nilisema zisiruke! Moja iko wapi? Mbili iko wapi? Siku ya leo, msichana! Mbele ya mama yangu!"

Nilimwambia ukweli wote hapo hapo. Kwamba nilijaribu printa mara tatu. Kwamba nilifuta kwenye faili lakini programu bado inakumbuka, na haiwezi kusahau mpaka ifungwe, na sikuifunga. Kwamba si yeye Mwalimu, ni mimi. Baba alikuwa amevaa kofia yake tayari. Nikajua ameshasikia anachohitaji kusikia.

Ba aliuliza kitu kwa Kigujarati. Boss akamjibu, bado amekunja uso. Akauliza tena, safari hii kwangu. "Namba moja nachapa?"

"Ndiyo, Ba. Asubuhi."

"Karatasi iko wapi?"

"Iko kwenye kikapu, Ba."

"Leta."

Nikapiga magoti nikachakura chini ya kaunta. Nilizinyoosha zile tatu kwa kiganja, nikampa. Alizisogeza karibu na miwani, akazipanga juu ya kaunta moja, mbili, tatu, kisha akachukua ile ya nne mkononi mwa mwanawe akaiweka mwisho. Akazitazama zilivyokaa. Zilikuwa hazina pengo.

"Hapana ruka," akamwambia Boss. "Soma. Moja nani?"

Boss akasoma shingo upande. "Mnunuzi, Baba. Wilbaro moja."

"Baba ya nani?"

Nilionyesha tu mlangoni.

Watu wote wakageuka kumwangalia mzee wa Bahati na buti zake za mvua. Baba akakohoa. Hapo ndipo Ba akasimama, mara ya kwanza asubuhi ile, akasema maneno ambayo baadaye Boss alinifafanulia ni desturi ya mama yake tangu enzi za mumewe: mteja wa kwanza wa siku hatoki mkono mtupu, hata kama ni kumuuzia kwa hasara, kwa maana akitoka bure siku nzima inatoka naye. Na huyu alikuwa mteja wa kwanza wa mwaka mzima.

"Yeye mtu ya kwanza," Ba akasema. "Nauzia yeye wilbaro."

"Mama, mimi nimekuja kuchukua msichana wangu," Baba akajaribu. "Sikuja kununua wilbaro."

"Wilbaro iko nyumbani?"

Baba hajui uwongo. "Iko. Lakini gurudumu limeisha."

Duka zima likapasuka kicheko. Boss mwenyewe alijitahidi kununa, ikamshinda. Wilbaro ikaletwa kutoka nyuma, ya kijani, na Baba akaizunguka, akaigonga, akaisukuma mpaka mlangoni na kurudi, kisha akaanza kupatana bei. Kweli! Mbele ya kuhani, mbele ya taa na udi, baba yangu alipatana bei kama yuko soko la Jumanne, na Ba akamjibu neno kwa neno, na sikuwahi kumwona Baba akifurahi hivyo tangu ng'ombe wetu azae mapacha. Walipoafikiana, wakapeana mikono.

"Mbili," Boss akaendelea, sasa yuko kwenye raha zake. "Mnunuzi, Mkaidi. Msumari mmoja. Mkaidi ndiye nani?"

Mwalimu akainua mkono polepole. "Nadhani ni mimi."

Akauziwa msumari mmoja, ukafungwa kwenye karatasi vizuri. Na mimi nikanunua kufuli langu. Namba moja hadi nne, kila moja na mtu wake na kitu chake. Boss alizihesabu kwa macho mara ya mwisho, akampa kila mmoja risiti yake, akamwangalia mama yake, mama yake akatikisa kichwa vile wao hutikisa, kushoto kulia, ambako ni kukubali.

"Jumatatu mje nyote wawili," akatuambia. "Lakini hicho kidude chenu kinachokumbuka kumbuka, mkakirekebishe."

Tulikirekebisha. Jumatatu hiyo zamu ya kibodi ilikuwa yangu, na ni mimi kwa mikono yangu niliyemwandika mtoa-namba upya awe kitu cha kujengwa kwa ramani, mmoja wa duka, na mwingine wa mazoezi wa kuchezewa tutakavyo. Hesabu za inchi na sentimita niliziacha static. Nilimgeukia Mwalimu nikamwambia asithubutu kutabasamu. Hakuthubutu. Ule msumari aliupigilia ukutani juu ya meza yake akatundikia kofia.

Lakini siku ile ya Diwali nilikuwa bado sijui kama Baba ameridhika. Ahadi yake ilikuwa juu ya Boss kukubali, na Boss alikuwa amekubali kwa njia ambayo mtu mkali angeweza kuipinga. Nilimtafuta dukani sikumwona. Nikatoka. Alikuwa kwenye veranda, amekaa pembeni ya wilbaro yake mpya, simu sikioni, anapaza sauti kama kawaida yake, kana kwamba Naivasha itamsikia bila mtandao. Hakuniona.

"Haloo? Ndiyo, ni mimi. Ile nafasi ya msichana wangu, pea mtoto wa mtu mwingine... Aa-a, si mgonjwa. Ameandikwa huku Nakuru... Kazi ya kompyuta. Anatengeneza ile kitu inaandika risiti... La, la, haandiki risiti. Anatengeneza ile kitu inaziandika... Mimi pia sielewi vile inafanya." Akanyoosha ile karatasi ya risiti juu ya goti, akaishika isipeperuke. "Lakini niko nayo hapa mkononi. Ya kwanza kabisa. Imeandikwa Baba."